Penye Nia Pana Nauli

Methali ya kwanza niliyoiandika ubaoni nilipoanza kazi ya ualimu ni hii: Penye nia pana njia. Niliiandika kwa herufi kubwa, nikaipigia mstari, nikawataka watoto waisome kwa sauti mara tatu. Nimeifundisha kwa miaka 38. Leo nimestaafu, niko kwetu Kimbiji, umri umeshapita sabini, na naona ni wajibu wangu kuisahihisha mbele ya wale niliowafundisha. Njia ipo, sikatai. Lakini njia ina nauli. Na mtu mzima anayemwambia kijana asiye na kitu kwamba penye nia pana njia, bila ya kumuuliza nauli ataitoa wapi, hamfundishi kitu. Anamsanifu.

Yapo mambo mawili yaliyonisukuma kushika kalamu. La kwanza ni kazi aliyoipata mjukuu wangu. La pili ni mstari mwekundu, na hilo nitalieleza baadaye kwa sababu linaniumiza.

Mjukuu wangu ni binti wa mwanangu wa pili. Alimaliza stashahada ya uhasibu, akakaa nyumbani miaka miwili akituma barua za maombi. Hatimaye akaitwa kazini katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi huko Gerezani, awe karani wa stoo. Mshahara ni shilingi 400,000 kwa mwezi. Siku hiyo kwetu ulipikwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, majirani wakaja kutoa hongera, na mzee mwenzangu mmoja akaniambia, "Sasa mwalimu umepata wa kukutunza." Katika watu wote waliokula ule wali hapakuwa na hata mmoja aliyeuliza: kutoka Kimbiji hadi Gerezani ni shilingi ngapi? Na mimi, niliyefundisha Hisabati maisha yangu yote, sikuuliza.

Kwa msomaji asiyeifahamu, Kimbiji ni kata iliyo pwani ya kusini ya Mkoa wa Dar es Salaam. Zamani tulikuwa chini ya Temeke. Sasa tumo katika Wilaya ya Kigamboni. Kwenye ramani sisi ni watu wa jiji. Lakini kutoka kwetu hadi kwenye pantoni ni kilomita kama 40 za minazi, mikorosho na viwanja vilivyozungushiwa ukuta na watu wasioishi humo. Njiani unapita Gezaulole, kijiji cha ujamaa kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wa mjini wasio na kazi, waje huku washike jembe. Jina lenyewe ni la Kizaramo, maana yake ni jaribu uone. Babu waliletwa huku kwa sababu hawakuwa na kazi mjini. Leo wajukuu wanakwenda mjini kwa sababu kazi haiko huku. Safari ya babu iligharimiwa na wakubwa. Ya mjukuu anajigharimia mwenyewe.

Basi siku ya kuripoti binti aliamka saa tisa usiku. Nyumba yetu iko ndani, mwendo wa nusu saa kwa miguu hadi barabarani zinapopita daladala. Kwa kuwa kulikuwa na giza, tulimwita kijana wa bodaboda: shilingi 1,000. Daladala hadi Feri, shilingi 1,500. Pantoni, shilingi 200. Alipovuka Magogoni akapanda daladala nyingine hadi Gerezani, shilingi 600. Jumla ni shilingi 3,300 kwenda, na kiasi hicho hicho kurudi, yaani 6,600 kwa siku. Aliingia kazini saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, akarejea nyumbani saa tatu usiku. Akala, akalala, akaamka saa tisa.

Mwisho wa juma la kwanza nilichukua daftari nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya wali kupikwa. Siku za kazi ni 26 kwa mwezi, kwa kuwa duka halifungwi Jumamosi. Mara 26 ya 6,600 ni 171,600. Tena mshahara wa 400,000 haufiki wote mkononi. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 40,000. Katika zile 360,000 zinazobaki, sehemu inayozidi 270,000 inakatwa kodi ya asilimia 8, yaani 7,200. Mkononi zinafika 352,800. Toa nauli, zinabaki 181,200. Toa sahani ya wali na maharage kwa mama lishe, shilingi 2,000 kwa siku, zinabaki 129,200. Kazi tuliyoipigia vigelegele kuwa ni ya laki nne ilikuwa kazi ya laki moja na elfu 29. Hakuna aliyetudanganya kwa maneno. Barabara tu haikuandikwa kwenye mkataba.

Na hesabu hiyo ni ya siku njema. Ipo siku ya mvua, bodaboda anapandisha bei naye ana sababu zake. Ipo siku daladala inakatisha ruti, abiria wanashushwa njiani, wanalipa upya kumalizia safari ile ile. Ipo siku vivuko vimepungua na umati umejaa mpaka nje ya geti. Mwaka 2023 kivuko kikubwa, MV Magogoni, kilipelekwa Mombasa kwa matengenezo, kikakaa huko zaidi ya mwaka. Mwenye gari alizunguka kwa Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016, akalipa tozo yake akapita. Kabwela alisimama kwenye foleni akitazama saa.

Wapo watakaosema mzee huyu anahesabu mia mia. Naam, nahesabu mia mia, kwa sababu maisha ya mlalahoi yamejengwa kwa mia mia. Januari 2012 nauli ya pantoni ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 watu walilalamika, na wengine wakawacheka: mia moja ni nini? Mia moja kwenda na mia moja kurudi, kwa siku 26, ni shilingi 5,200. Desemba 2023 LATRA ilipandisha nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 kutoka shilingi 500 hadi 600. Ni mia nyingine. Mia hizo zinapokutana kwenye mfuko wa mtu mmoja huwa ni mafuta ya taa, daftari na dawa ya mtoto.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya hilo, nalo ndilo hasa ninalotaka msomaji aondoke nalo. Mwezi wa kwanza wa kazi hauna mshahara, lakini una nauli. Mfanyakazi mpya halipwi mpaka mwezi uishe. Konda hangoji mwezi uishe. Kwa hesabu yetu, binti alihitaji shilingi 223,600 za nauli na chakula kabla ya kushika hata senti moja ya mshahara. Fedha hiyo ilitoka wapi? Mimi niliuza mbuzi wawili, na mama yake akaomba zamu yake ya upatu kabla ya wakati. Kwa hiyo tajiri mwenye duka, mwenye malori na maghala, alikopeshwa mwezi mzima na mbuzi wa mzee mstaafu wa Kimbiji. Wala hakujua, kwa sababu hakuuliza.

Je, yule asiye na babu mwenye mbuzi? Huyo ana mlango mmoja kati ya miwili. Ama anakwenda kwenye ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, anaanza kazi akiwa na deni linalozaa kila wiki. Ama anaiacha kazi, kisha sisi wazee tunakaa barazani tunasema vijana wa leo wanachagua kazi.

Nami nawaambia wazee wenzangu: sisi hatukuanza hivyo. Mwanzoni mwa 1973 nilipotoka Chuo cha Ualimu Mpwapwa kwenda kituo changu cha kwanza cha kazi, sikutoa hata senti mfukoni mwangu. Nilipewa waranti. Niliionyesha stesheni ya Gulwe, nikapanda treni daraja la tatu mpaka Dar es Salaam, sanduku la bati kichwani, na nilipofika shuleni nilikuta chumba kinaningoja katika nyumba ya walimu. Sisemi kwamba zama zile zilikuwa pepo. Baadaye tulipanga foleni ya sukari na ya sabuni, na mabasi yalikuwa haba. Lakini aliyetuajiri alielewa jambo moja dogo: mtu aliyetoka chuoni hana kitu, na asipofikishwa kazini hatafika. Hata leo mwalimu mpya wa Serikali ana haki ya nauli na posho ya kujikimu anaporipoti. Waajiri wengi wa maduka, maghala na viwanda hawajui kabisa kwamba jambo hilo lipo duniani.

Sasa nifike kwenye mstari mwekundu.

Walimu wanaufahamu. Kila asubuhi walimu husaini daftari la mahudhurio. Ikifika saa moja na nusu mwalimu mkuu huchukua kalamu nyekundu, huvuta mstari chini ya jina la mwisho, na atakayesaini chini ya mstari huo amechelewa. Mimi niliuvuta mstari huo kwa miaka mingi, tena kwa fahari. Niliringa kwamba sijawahi kusaini chini yake. Sikuwa na la kuringia. Nyumba yangu ilikuwa ndani ya uwanja wa shule. Kutoka kitandani hadi ofisini ilikuwa hatua mia moja.

Mwaka 1986 shuleni kwangu, huko Temeke, aliletwa mwalimu mmoja wa kike mgeni kazini. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, akapanga chumba Mbagala, ana mtoto mchanga mgongoni. Siku hizo usafiri ulikuwa vita. UDA, iliyoundwa mwaka 1974, ilikuwa na mabasi machache yaliyochoka. Watu binafsi waliruhusiwa kuendesha mabasi mwaka 1983, na hapo ndipo lilipoenea jina la daladala, kutokana na ile sarafu ya shilingi tano ambayo watu waliiita dala. Lakini magari yalikuwa bado hayatoshi, na mengine yalikuwa pikapu zilizofungwa mabenchi, abiria wametazamana magoti kwa magoti, ndizo zilizoitwa chai maharage. Mwanamke mwenye mtoto mchanga hawezi kugombea mlango na wanaume.

Katika mwezi mmoja alisaini chini ya mstari mara kumi na moja. Nikamwandikia barua ya kumtaka ajieleze. Majibu yake yalikuwa mafupi. Aliandika kwamba nauli yake humwishia kila tarehe 20 au 21, na kuanzia siku hiyo hadi mwisho wa mwezi huja kwa miguu kutoka Mbagala, na kwamba anaomba radhi. Mimi nikachukua kalamu ile ile nyekundu nikaandika pembeni mwa barua yake: Sababu haitoshi. Nikaiweka kwenye jalada. Muhula uliofuata aliacha kazi, na sikumwona tena.

Kwa kanuni sikuwa na kosa. Hata mkaguzi alipokuja aliisifu shule yangu kwa nidhamu ya muda. Lakini yule mwalimu alitembea kilomita nyingi na mtoto mgongoni kuja kufundisha watoto wa watu, akafika, akashika chaki, nami nikamwita mchelewaji. Nimemkumbuka miaka yote hii kwa nadra. Nimemkumbuka sawasawa hivi karibuni tu, nikiwa nimesimama barabarani Kimbiji saa kumi alfajiri, tochi mkononi, namsubirisha mjukuu wangu daladala.

Maana kuanzia mwezi wa pili tuliamua kuiondoa ile shilingi 1,000 ya bodaboda, na hatukuona vyema msichana apite peke yake kwenye mikorosho gizani. Mimi ndiye ninayempeleka. Usiku nakwenda kumpokea. Mara ya kwanza alikataa, akasema, "Babu, utaanguka bure." Nikamwambia twende. Magoti yananikumbusha umri wangu, lakini sijaanguka.

Sasa niwajibu wasemaji, maana wamekuja wengi barazani kwangu.

Wa kwanza husema: mkopesheni anunue gari, siku hizi magari madogo ya mtumba yapo. Ndugu yangu mmoja wa mjini alilisema hilo kwa uchungu wa kweli, akidhani anatusaidia. Nikachukua daftari tena. Kutoka kwetu hadi kazini na kurudi ni zaidi ya kilomita 80. Tuseme gari dogo linakula lita moja kwa kilomita 12. Kwa siku 26 ni kama lita 173. Tuiweke lita kwa shilingi 2,500, bei iliyo chini ya ile tuliyoizoea miaka ya karibuni. Mafuta peke yake ni kama shilingi 433,000 kwa mwezi. Mshahara unaofika mkononi ni 352,800. Hapo hatujalipa rejesho la mkopo, hatujalipa bima, fundi, wala tozo ya daraja. Gari hilo lingemla binti na duka lake la kuajiriwa. Kupanda mchongoma si kazi, kushuka ndiyo ngoma. Namwambia kijana yeyote anayeanza kazi: mtu anayekushauri ununue gari kwa mkopo ili ufike kazini anakushauri ufanye kazi ili ulishe gari.

Wa pili husema: ahamie mjini. Shauri hili lina maana, lakini si la mwezi wa kwanza. Tuliulizia chumba Mtoni, shilingi 60,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali akataka ya mwezi mmoja. Jumla 420,000, zaidi ya mshahara mzima. Kukaa kwa ndugu nako kunawezekana, nami sikudharau. Wengi tumelelewa kwenye mikeka ya shangazi. Lakini mgeni siku ya kwanza, na shangazi wa leo naye ananunua maji kwa ndoo. Anayekwenda kukaa kwa ndugu na aende na mchango wake wa kila mwezi aliokwisha kuutaja kwa mdomo wake, udugu usije ukafa kwa ajili ya sahani.

Wa tatu husema: vijana ni wavivu. Huyu sina hesabu ya kumfanyia. Namwalika aje Kimbiji saa tisa usiku, jaribu uone.

Kijana basi afanye nini? Nitayasema niliyoyaona kwa macho, nawe uchague linalokufaa.

Kabla ya kukubali kazi, isafiri njia yake mara moja, siku ya kazi na saa ya kazi, si Jumapili mchana. Andika kila shilingi na kila dakika. Kisha toa nauli kwenye mshahara, na hicho kinachobaki ndicho mshahara wako. Hicho ndicho ukitaje hata kwa wazazi.

Pili, ikate safari vipande vipande, uulize miguu inaweza kipande kipi. Binti sasa anashuka kwenye pantoni anatembea hadi Gerezani, dakika kama 40, mchana kweupe, akiwa na wenzake wa njia moja. Tumeondoa bodaboda na ile daladala ya mjini. Nauli imeshuka kutoka 6,600 hadi 3,400 kwa siku, na kwa mwezi kutoka 171,600 hadi 88,400. Tumeokoa shilingi 83,200. Lakini tusidanganyane: fedha hiyo haikudondoka mbinguni. Imelipwa kwa miguu, yake na yangu, na kwa usingizi.

Tatu, tusiidharau baiskeli. Nchi hii iliwahi kutengeneza baiskeli zake yenyewe, Swala, hapa hapa Dar es Salaam, na mwalimu mwenye Swala alikuwa mtu. Kwa kipande cha kutoka nyumbani hadi barabarani, baiskeli ya mtumba inayoachwa kwa fundi wa kituoni hurudisha gharama yake katika miezi michache. Kwenye barabara kuu za mjini siwezi kumshauri mtoto wa mtu, malori hayana huruma na njia za baiskeli ni za kutafuta. Na wanaonung'unika kwamba msichana juu ya baiskeli si heshima, wao wampe nauli.

Nne, watu kumi wa njia moja wakikubaliana na mwenye gari mmoja kwa malipo ya mwezi, nauli hupungua na kiti huwa cha uhakika. Muhimu ni kuandikiana, na malipo yawe mwisho wa mwezi. Hapo ule mwezi wa kwanza usio na mshahara unavukika. Na yule ambaye kazi yake iko njia ya Kimara au Morocco, mabasi yaendayo haraka yaliyoanza Mei 2016 yana kituo Kivukoni, jirani na pantoni. Akipanga safari yake vizuri anaweza kuepuka daladala mbili.

Hayo ni ya kijana. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimerudi kule kule kwenye methali yangu ya ubaoni, kumwachia maskini kazi ya kutafuta njia peke yake. Miguu ya binti ina mwisho, na ya babu yake mwisho wake uko karibu zaidi.

Kwa hiyo nawageukia waajiri, na nasema nao kwa adabu lakini bila ya kupepesa. Mnapomhoji kijana mnamuuliza shule, umri, uzoefu na mdhamini. Muulizeni na hili: unakaa wapi, na utafikaje? Mkishamwajiri, mpeni nauli ya mwezi wa kwanza siku ya kwanza. Siwaombi sadaka. Ikateni kwenye mshahara wake kwa miezi mitatu, mtakuwa hamjapoteza hata shilingi. Kwa duka lenye malori, 171,600 ni fedha ya nini? Na pale kazi inaporuhusu, mwacheni anayetoka mbali aingie saa tatu na atoke saa kumi na mbili. Mzigo wa stoo haujui kama umehesabiwa saa mbili au saa tatu.

Wenye mamlaka nao nawakumbusha jambo moja. Oktoba 2012 Dar es Salaam ilianza kuwa na treni ya kubeba abiria wa mjini asubuhi na jioni, kwa reli zile zile za zamani. Nauli ya watu wazima kwenye treni ya TRL ilikuwa shilingi 400, na wananchi wakaiita Treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri aliyeisimamia. Reli ilikuwepo miaka yote. Kilichokosekana ni nia, nayo haikuwa nia ya abiria. Hapo ndipo methali inaposimama vizuri: penye nia ya mwenye uwezo, njia ya asiye na uwezo hupatikana. Watu wa Kimbiji tuna nia tangu saa tisa usiku. Tunangoja ya upande wa pili.

Mwisho nasema na walimu wakuu walioshika daftari nililoliacha, na kila msimamizi mwenye daftari kama hilo, liwe la karatasi au la mashine ya vidole. Sisemi msivute mstari. Shule bila ya muda si shule. Ila kabla kalamu nyekundu haijagusa karatasi, mwiteni pembeni yule aliyechelewa mkamuulize neno ambalo mimi sikumuuliza yule mwalimu mwaka 1986, ingawa alikuwa ameshaniandikia jibu lake: umefikaje?